Jina la Marehemu na Deni la Mwandishi: Fasihi Inavyowasimulia Waliofia Mikononi mwa Polisi

Mtu anapofia mikononi mwa polisi, maelezo ya kwanza kuhusu kifo chake kwa kawaida huandikwa na polisi wenyewe. Ni mistari michache katika daftari la kituo, kisha taarifa fupi kwa waandishi wa habari: alijinyonga, aliruka dirishani, aliteleza akaanguka. Marehemu hawezi kujibu. Waliokuwa naye chumbani ndio hao hao wanaotakiwa kueleza kilichotokea. Familia hukabidhiwa mwili pamoja na maelezo, na hutarajiwa kuvipokea vyote viwili bila maswali.

Baadaye huja washairi, watunzi wa riwaya na waandishi wa tamthilia. Nao huandika juu ya marehemu huyo huyo, mtu halisi aliyekuwa na mama, kazi na jina. Katika makala hii tunaeleza jinsi fasihi inavyoifanya kazi hiyo, wapi imesaidia kweli na wapi imejikwaa. Tumechagua mifano ya Afrika Kusini wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, kwa sababu vifo vya mahabusu wa huko vimeandikwa kwa namna nyingi, na baadhi ya kesi zake zimefunguliwa upya katika miaka hii ya karibuni. Kisha tutakwenda Italia kwa mfano mmoja, kwa kuwa unaonyesha hatari ambayo mifano ya Afrika Kusini haiionyeshi vizuri.

Hoja yetu ni hii: anayemwandika mtu aliyefia mikononi mwa dola ana deni la ukweli. Anadaiwa na marehemu, anadaiwa na familia, na anadaiwa hata na wale anaowatuhumu.

Hadithi ya kwanza ni ya polisi

Mwaka 1963 serikali ya Afrika Kusini ilipitisha sheria iliyowaruhusu polisi kumweka mtu kizuizini kwa siku 90 bila kumfikisha mahakamani. Septemba ya mwaka huo huo Looksmart Ngudle alifariki akiwa kizuizini. Polisi walisema amejinyonga. Mwaka 1964 Suliman Saloojee alianguka kutoka ghorofa ya saba ya jengo la polisi mjini Johannesburg. Ilisemwa ameruka mwenyewe. Mwaka 1969 ilisemwa kwamba Solomon Modipane ameteleza kwenye kipande cha sabuni. Mwaka huo huo Imamu Abdullah Haron wa Cape Town alifariki baada ya miezi minne kizuizini, na polisi walisema ameanguka kwenye ngazi. Oktoba 1971 ikawa zamu ya mwalimu Ahmed Timol, kijana wa miaka 29, aliyeanguka kutoka ghorofa ya kumi ya makao ya polisi ya John Vorster Square, Johannesburg. Mwaka uliofuata hakimu aliamua kwamba Timol alijiua.

Ukisoma maelezo hayo moja moja, huenda ukasita lakini ukanyamaza. Ukiyasoma yote kwa pamoja, huwezi tena kunyamaza. Hapo ndipo fasihi ilipopata nafasi yake. Hakimu alisikiliza kifo kimoja kwa wakati mmoja na kulifunga jalada. Mwandishi aliweza kuviweka vifo vyote kwenye ukurasa mmoja.

Kwa msomaji wa Injili jambo hili si geni. Mathayo, katika sura ya 28, anasimulia kwamba askari waliolinda kaburi walipewa fedha ili waseme kuwa wanafunzi waliuiba mwili wa Yesu usiku, wao wakiwa wamelala. Aliyelala hawezi kumtambua mwizi. Lakini Mwinjili hakuingia katika mabishano marefu. Aliandika maelezo ya askari jinsi yalivyokuwa, akaeleza yalivyopatikana, akamwachia msomaji apime mwenyewe. Waandishi kadhaa wa Afrika Kusini walifuata njia inayofanana na hiyo.

Shairi linalorudia maneno ya polisi

Mwaka 1979 Chris van Wyk alichapisha shairi fupi liitwalo "In Detention". Ndani yake mna visingizio vitatu tu: kuanguka kutoka ghorofani, kujinyonga, na kuteleza kwenye sabuni wakati wa kuoga. Mwanzoni kila kisingizio kiko mahali pake. Halafu maneno yanaanza kubadilishana nafasi. Sababu ya kifo kimoja inashikana na mahali pa kifo kingine, mpaka sentensi hazina maana tena. Mshairi hasemi popote kwamba polisi ni waongo. Hatukani wala haombolezi. Anayachukua maneno yao wenyewe na kuyarudia mara nyingi kiasi kwamba yanaanguka yenyewe.

Nguvu ya shairi hilo iko katika ufupi wake. Mtu asiyeweza kupata jalada la mahakama aliweza kulishika kichwani na kumsomea jirani. Na kwa kuwa halikuongeza neno la tuhuma, lilikuwa gumu kulijibu: ungelikanusha vipi bila kukanusha taarifa zako mwenyewe?

Hata hivyo lina mpaka wake. Hakuna jina hata moja ndani yake. Msomaji anatoka akiuelewa mtindo wa uongo, lakini anaweza kutoka bila kumjua Modipane wala Timol. Hilo si kosa la mshairi, kwani shabaha yake ilikuwa mtindo wenyewe. Ila shairi la namna hiyo linahitaji wenzake watakaomrudisha mtu mmoja mmoja.

Jukwaa linaloifungua mahakama

Steve Biko ndiye anayefahamika zaidi kati ya waliokufa kizuizini huko. Alikuwa kiongozi wa harakati ya kujitambua kwa watu weusi, na sehemu ya masomo yake ya sekondari aliyapata katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Mariannhill. Alikamatwa tarehe 18 Agosti 1977 kwenye kizuizi cha barabarani. Huko Port Elizabeth aliwekwa uchi na kufungwa minyororo, na mwanzoni mwa Septemba aliumizwa kichwani wakati wa kuhojiwa. Tarehe 11 alilazwa uchi nyuma ya gari la polisi na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria. Alifariki huko tarehe 12, akiwa na miaka 30.

Waziri wa Polisi, Jimmy Kruger, kwanza alikihusisha kifo hicho na mgomo wa kula. Uchunguzi wa maiti ulipoonyesha majeraha ya ubongo, maelezo yakabadilika: sasa ilikuwa kwamba Biko alijigonga ukutani katika purukushani na maofisa. Kabla mwaka huo haujaisha, hakimu aliyesimamia uchunguzi wa kifo hicho alitoa uamuzi mfupi kwamba hakuna wa kulaumiwa.

Waandishi wawili, Jon Blair na Norman Fenton, walizichukua kumbukumbu za mahakama hiyo na kuzifanya tamthilia, The Biko Inquest. Watazamaji wanamsikia Sydney Kentridge, wakili wa familia, akiwauliza maofisa wa polisi swali moja baada ya jingine. Wanawasikia pia madaktari waliomwona mgonjwa akiwa katika hali ile, wakamwacha mikononi mwa polisi. Waandishi hawakuhitaji kubuni mhusika mbaya. Majibu ya mashahidi yalitosha.

Hii ni aina ya pili ya uandishi: ule unaojifunga kwenye kumbukumbu zilizopo. Faida yake ni uaminifu. Upungufu wake ni kwamba katika chumba cha mahakama marehemu hana zamu ya kusema. Tunayajua majeraha yake kwa undani, lakini tunamjua yeye kidogo sana.

Nani anakaa katikati ya hadithi?

Riwaya na filamu zilijaribu kuziba pengo hilo, na hapo tatizo jingine likajitokeza. Katika riwaya ya André Brink, A Dry White Season, iliyotoka 1979 na kupigwa marufuku, mfanyakazi mweusi wa shule aitwaye Gordon Ngubene anatafuta ukweli kuhusu kifo cha mwanawe, na mwishowe naye anafia kizuizini. Gordon ni wa kubuni, lakini kifo chake kimeshonwa kwa vitambaa vya vifo halisi. Ila mtu tunayemfuata tangu mwanzo hadi mwisho ni Ben du Toit, mwalimu wa Kizungu anayeamka usingizini na kuona nchi yake ilivyo.

Vivyo hivyo filamu Cry Freedom ya 1987. Msingi wake ni maandishi ya Donald Woods, mhariri wa gazeti aliyekuwa rafiki wa Biko na aliyechapisha kitabu juu yake mwaka 1978. Kwenye filamu Biko anafariki mapema, na sehemu kubwa iliyobaki inahusu Woods anavyotoroka nchi akiwa amejifanya padre. Wengi walilalamika kwamba hadithi ya mtu mweusi aliyeuawa iligeuzwa kuwa hadithi ya mtu mweupe aliyeokoka.

Tuwe wa haki kwao. Brink na Woods walikuwa wakisema na watu weupe waliozoea kuziamini taarifa za polisi. Walimweka katikati mtu ambaye msomaji wao angejiona ndani yake, kisha wakamwongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye ukweli. Hiyo ni njia halali ya kufundisha. Lakini ina gharama. Marehemu anageuka kuwa mlango ambao mtu mwingine anaupitia kwenda kwenye wongofu wake. Tunalia na yule aliyeamka kuliko tunavyomlilia aliyelazwa kaburini. Wahubiri tunaweza kufanya hivyo hivyo tunapotumia msiba wa mtu kama mfano mzuri wa mahubiri, huku jina lake likisahaulika kabla ya kutamka Kanuni ya Imani.

Cry Freedom yenyewe, hata hivyo, inamalizika kwa namna inayorekebisha sehemu ya upungufu huo. Mwishoni inaonyesha orodha ya waliofia kizuizini pamoja na sababu rasmi za vifo vyao. Ni kana kwamba shairi la Van Wyk limerudishiwa majina yake.

Na kwa Biko kuna dawa iliyo bora zaidi: kumsoma mwenyewe. Aliandika makala kwa jina la Frank Talk, na mwaka mmoja baada ya kifo chake zilikusanywa katika kitabu I Write What I Like, kilichohaririwa na rafiki yake Aelred Stubbs, padre wa Kianglikana. Humo tunakutana na mtu anayefikiri, anayebishana na kukejeli. Imo pia insha aliyoitoa mwaka 1972 kuhusu Kanisa kama linavyoonekana na kijana mlei. Ni insha isiyotubembeleza, na waseminari wangefaidika nayo. Aliyeuawa hakuwa majeraha tu. Alikuwa na mawazo, na baadhi ya mawazo hayo yanatuhusu sisi.

Kitabu cha familia kilichofika mahakamani

Turudi kwa Ahmed Timol. Mama yake, Hawa Timol, alitoa ushuhuda mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1996. Mwaka 2005 mpwa wa marehemu, Imtiaz Cajee, alichapisha kitabu juu ya maisha na kifo cha mjomba wake. Hakikuwa na madoido ya kisanaa. Alikusanya nyaraka, akawatafuta waliokuwa kizuizini wakati mmoja na mjomba wake, akayapanga matukio siku kwa siku, na hakuacha kuwasumbua wenye mamlaka.

Mwaka 2017 uchunguzi wa kifo hicho ulifunguliwa upya, na Oktoba ya mwaka huo Jaji Billy Mothle aliamua kwamba Timol hakujiua. Aliteswa, kisha akasukumwa akaanguka. Ilikuwa imepita miaka 46. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufariki. Chris van Wyk naye alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Oktoba 2023 mahakama ilitoa uamuzi wa namna hiyo kuhusu Imamu Haron: mateso ya polisi ndiyo yaliyomuua. Na Septemba 2025 mamlaka za Afrika Kusini zilitangaza kufungua upya uchunguzi wa kifo cha Biko.

Hatusemi kwamba kitabu pekee kiliishinda mahakama ya 1972. Mashahidi, mawakili na wataalamu walifanya kazi yao. Lakini kama hakuna aliyeandika, jalada lingebaki limefungwa. Ukweli ukidhihiri uongo hujitenga, lakini haudhihiri wenyewe. Kuna watu wanaoulinda mpaka saa yake ifike.

Onyo kutoka Milano

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mwandishi daima yuko upande ulio salama. Mfano wa Italia unatuzuia tusifikiri hivyo.

Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki ya Piazza Fontana, Milano, na kuua watu 17. Polisi walimkamata Giuseppe Pinelli, mfanyakazi wa reli na baba wa watoto wawili, aliyekuwa mfuasi wa siasa za anarkia, yaani siasa zinazotaka jamii isiyo na dola. Walimshikilia kupita muda unaoruhusiwa na sheria. Usiku wa tarehe 15 alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne ya makao ya polisi. Polisi walisema ameruka kwa sababu hatia yake ilikuwa imedhihirika. Pinelli hakuhusika na bomu hilo. Miaka mingi baadaye mahakama zililihusisha na kundi la mrengo mkali wa kulia.

Desemba 1970, mwaka mmoja tu baadaye, Dario Fo alikuwa tayari na tamthilia juu ya kifo hicho. Ni kichekesho: mwendawazimu anajifanya jaji, anaingia ofisi ya polisi na kuwalazimisha wayaigize upya maelezo yao yanayopingana. Watazamaji walicheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Mwaka 1997 Fo alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na tamthilia hiyo ni kati ya kazi zake mashuhuri zaidi.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine halisi katika kisa hicho. Kamishna Luigi Calabresi, aliyeshughulikia mahojiano, alishambuliwa kwa miaka miwili magazetini, mitaani na jukwaani kama muuaji. Tarehe 17 Mei 1972 alipigwa risasi na kufa nje ya nyumba yake, akimwacha mkewe mjamzito na watoto wadogo. Mwaka 1975 hakimu mchunguzi aliamua kwamba Calabresi hakuwamo chumbani Pinelli alipoanguka. Aliamua pia kwamba Pinelli hakujiua wala hakuuawa, bali alipatwa na hali ya ghafla ya mwili. Maelezo hayo hayajawaridhisha wengi hadi leo.

Hatusemi kwamba tamthilia ndiyo iliyofyatua risasi. Waliofyatua walikuwa watu waliochagua kuua. Tunachosema ni kwamba uongo wa polisi haumpi mwandishi ruhusa ya kubahatisha jina la mkosaji. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalaani mateso yanayotumiwa kumlazimisha mtu akiri (namba 2297), na Katekisimu hiyo hiyo inakataza kumhukumu mtu pasipo msingi na kumsingizia (namba 2477). Namba hizo mbili zinakwenda pamoja. Anayeishika moja na kuitupa nyingine anamtumia marehemu kama rungu.

Mwaka 2009 Rais Giorgio Napolitano aliwaalika ikulu wajane wawili, Licia Pinelli na Gemma Calabresi, na wakapeana mikono kwa mara ya kwanza. Miaka arobaini karibu ilipita kabla nchi yao haijaweza kuwaweka wanawake hao chumba kimoja na kukiri kwamba kila mmoja alifiwa na mume asiyestahili kufa vile.

Tukiombwa kuandika

Wengi wetu hatutaandika riwaya. Lakini tutaombwa kuandaa igizo la vijana wa parokia, shairi la kumbukumbu, wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani, au mahubiri ya maziko. Na siku moja marehemu anaweza kuwa mtu aliyetolewa kituoni akiwa maiti. Kutokana na mifano hii tunapendekeza mambo machache.

Kwanza, litajwe jina lake, na maisha yake yaanze kabla ya siku ya kukamatwa. Alikuwa fundi, mwalimu, mama lishe, mwanakwaya? Kama aliacha maandishi au sauti yake, isikike. Na hatuhitaji kumfanya mtakatifu ili tuseme hakustahili kupigwa. Timol alikuwa Mkomunisti na Mwislamu, Biko alikuwa mkosoaji wa Kanisa. Haki yao haikutegemea kufanana nasi.

Pili, maelezo rasmi yaandikwe kwa usahihi, kwa maneno yale yale. Kama yanajipinga, msomaji ataona. Tukiyatia chumvi tunawapa wakubwa sababu ya kutuita waongo.

Tatu, tutofautishe tulichokiona, tulichoambiwa na tunachokihisi. Tuhuma isiyo na ushahidi isipewe jina la mtu, hata jukwaani, hata kwa mzaha.

Nne, tarehe, saa, majina ya mashahidi na nyaraka za hospitali vihifadhiwe. Igizo litasahaulika, karatasi hizo huenda zikahitajika baada ya miaka 46.

Tano, kabla ya kuupeleka msiba wa watu jukwaani, twende kwanza nyumbani kwa wafiwa. Tuwasomee tulichoandika, tuwasikilize, na wakisema sehemu fulani siyo, tuifute.